Joho la Sheikh Mifleh

Binamu yangu Mutasim aliogopa mbwa, sindano, ngazi zisizo na ukuta, na mipira ya juu. Hiyo ya mwisho isingekuwa neno kama angekuwa fundi viatu, lakini Mutasim alikuwa beki wa kati. Miaka kumi na mmoja aliichezea timu yetu ya Khirbet Louz, na miaka yote hiyo kona ikipigwa alifumba macho, akaruka, mengine akamwachia Mungu. Mungu alimsaidia mara nyingi kuliko walivyomsaidia mabeki wenzake.

Alipotundika viatu akawa mwalimu wa michezo katika shule ya wasichana, kazi aliyoifanya vizuri kwa sababu wasichana walimwonea huruma. Alichokitaka maishani kilikuwa kimoja: kusimama kando ya mstari mweupe akiwa na filimbi shingoni na timu mbele yake. Alisomea ukocha Amman, likizo baada ya likizo, akarudi na cheti alichokitia kwenye fremu na kukitundika sebuleni juu ya picha ya marehemu baba yake. Mama yake, Hajja Wasfiyya, alikishusha chini ya picha ya baba. Mutasim alikipandisha tena. Vita hivyo vilidumu miaka mitatu, na cheti kilikuwa chini pale mwenyekiti wa klabu, Abu Laith, alipokuja kumpa timu.

Kwa nini yeye? Makocha wawili kutoka Irbid walikuwa wamekwisha kukimbia, mmoja kwa miguu. Abu Laith, mwenye mabucha manne ya kuku na hamu ya kuwa meya, alitafuta mtu asiyejua kusema hapana. Hakutafuta mbali.

Basi akaacha shule, akapewa filimbi, na msimu ukaanza. Kwetu kila timu ikishinda, Abu Laith humpa kila mchezaji kuku mmoja, amekwisha kunyonyolewa. Mwaka ule kuku wa Khirbet Louz waliishi hadi wakaota mvi. Mechi ishirini na mbili: tulishinda nne, tukatoka sare sita, tukafungwa kumi na mbili. Mutasim akiongoza bao moja alimtoa mshambuliaji akaingiza beki. Tukisawazishiwa, aliingiza beki mwingine. Kuna mechi tulimaliza na mabeki wanane, na bado tukafungwa na mpira wa kichwa, huku wote wanane wamefumba macho. Mwalimu huwafundisha watu anachokijua.

Lakini mwenye haki mpe haki yake. Kati ya mechi hizo nne tulizoshinda, tatu zilikuwa katika mechi tano za mwisho. Wakongwe walikuwa wameumia, wengine wamesusa, akalazimika kuchezesha vijana wanne ambao hakuwa hata amewafundisha kuogopa. Tukaponea chupuchupu kushuka daraja, kwa pointi moja.

Sasa je, anastahili msimu mwingine? Mji wote ulisimama juu ya swali hilo. Kwa Thiyab kinyozi hakuna aliyeweza kunyolewa ndevu bila kutoa rai, na kwa kuwa wembe ulikuwa kwa Thiyab, rai ya Thiyab ilisikilizwa zaidi.

"Yule si kocha," alisema Thiyab, kidevu cha mteja kikiwa mkononi. "Yule ni abiria aliyekalia kiti cha dereva."

"Mechi tano za mwisho umeziona lakini?" nikamwambia.

"Nimeziona. Hata saa mbovu, ndugu yangu, mara mbili kwa siku inasema kweli."

"Mpe muda. Mtoto hazaliwi anatembea."

"Huyu amezaliwa, ametembea, amerudi tumboni," akasema Thiyab, na mteja akacheka vibaya, akakatwa kidogo chini ya sikio.

Mutasim mwenyewe aliacha kunyoa. Alipita njia ya nyuma, ya kwenye mizabibu, kofia imemfika puani. Aliniambia kinachomtisha. Kocha aliyetimuliwa msimu wake wa kwanza ni kama bibi harusi aliyerudishwa kabla ya mchele wa harusi kupoa: hakuna atakayeuliza kosa lilikuwa la nani. Kutoka Irbid hadi Akaba hakuna klabu itakayompa hata koni za mazoezi azibebe. Kazi moja tu aliyoitaka duniani, na ilikuwa inamponyoka kama sabuni.

Alhamisi asubuhi simu ikalia. Ilikuwa ni Abu Laith, sauti imejaa asali.

"Kepteni, kesho baada ya Alasiri tunakuja kunywa kahawa kwako. Mimi na wazee wachache. Sheikh Mifleh atatuongoza."

Mutasim akaketi sakafuni pale pale, simu sikioni.

Kwetu mtu akisema anakuja kunywa kahawa peke yake, anakuja kunywa kahawa. Akija na wazee, na Sheikh Mifleh mbele, hiyo ni jaha, na jaha haiji ila na ombi: kumposa binti, kumsamehe aliyeua kwa gari, kumaliza ugomvi wa mpaka. Mwenye nyumba humimina kahawa chungu, na mkuu wa ujumbe hukitua kifinjani chake, kile kikombe kidogo, chini bila kukigusa kwa mdomo. Hapo ndipo husema shida yake. Kahawa inapoa, watu wanatazama, na mwenye nyumba asipotamka, "Kunywa kahawa yako, ulilolijia umelipata," basi wazee wataondoka na kiu, na aibu hiyo wajukuu zake wataikuta mlangoni. Sheikh Mifleh alikuwa ameongoza jaha kwa miaka arobaini. Hajarudi mikono mitupu hata mara moja.

Abu Laith hakuwa mjinga. Kumfukuza Mutasim kungeuudhi ukoo wetu, na ukoo wetu una kura mia tisa. Lakini Mutasim akiitoa kazi yake mwenyewe, kama zawadi kwa wazee, nani ataudhika? Watamsifu kwa ukarimu hadi atakapokufa, hana kazi.

"Wanakuja kunizika," Mutasim akaniambia nilipofika mbio. "Wanataka niwashukuru na kwa sanda."

Siku ile alijaribu kila njia. Kwanza alitaka kukimbilia Akaba kwa dada yake. Hajja Wasfiyya akamwambia, "Nenda. Nitawapokea mimi, nitawaambia mwanangu amejificha baharini." Kisha akataka kuugua, akajilaza, akajipima joto, akapata joto la mtu mzima wa afya, akaudhika. Mwisho akapata wazo aliloliona la kivita.

"Mama, tukiwa hatuna kahawa? Bila kahawa hakuna ombi."

Hajja aliweka chini sinia ya dengu alizokuwa akichambua. Alikuwa mwanamke mfupi, na alikuwa na namna ya kunyamaza iliyomfanya mtu aangalie mlango uko wapi.

"Nyumba hii," akasema, "mwaka wa theluji kubwa hatukuwa na mkate siku nne. Kahawa ilikuwepo. Baba yako siku anakata roho, dele la kahawa lilikuwa jikoni linachemka kwa ajili ya waliokuja kumlilia. Leo uniambie mimi kahawa imekwisha, kwa sababu ya mpira?"

"Basi, Mama. Nilikuwa natania."

"Taniana na makipa wako."

Ikabaki njia moja: aseme hapana. Tukafanya mazoezi uani. Mimi nikawa Sheikh Mifleh, nikajitanda blanketi, nikaweka kifinjani juu ya tofali.

"Mwanangu Mutasim," nikaanza kwa sauti nzito, "tumekuja tukiwa na shida, na shida haipelekwi ila kwa mwenye kifua."

"Kunywa kahawa yako, Sheikh," akasema Mutasim hapo hapo, "ulilolijia umelipata."

"Sijaomba bado, punguani wewe!"

"Najua. Mdomo umekwenda wenyewe."

Tukarudia. Mara ya pili akakubali. Mara ya tatu akakubali, akaomba na radhi. Mara ya nne, ili kumjaribu, niliomba gari lake badala ya kazi, naye akanipa funguo. Nilipomrudishia aliangua kilio, mtu mzima wa miaka thelathini na mitano, juu ya tofali.

"Siwezi," akasema. "Nikiona mzee ananitazama, naona ile mipira ya juu inakuja. Nafumba macho tu."

Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa pili kwa kuogopa mtihani wa takwimu. Sikuwa mtu wa kumpa mwingine somo la ushujaa.

Ijumaa Alasiri magari yakaja saba, yakijipanga kwa cheo. Niliwatazama kutoka dirishani, Mutasim akiwa nyuma yangu ameshika shati langu kama mtoto sokoni.

"Wangapi?"

"Ishirini hivi."

"Abu Laith kavaa nini?"

"Suti."

"Ya meya?"

"Ya meya."

Akatoa sauti ambayo nilikuwa nimeisikia mara moja tu, kwa paka.

Sheikh Mifleh aliingia wa kwanza. Alikuwa na miaka themanini, mrefu, kilemba chekundu, ndevu nyeupe zilizochongwa, na mabegani joho lake maarufu: la manyoya ya ngamia, rangi ya asali, pindo la nyuzi za dhahabu. Alilivaa siku ya ndoa ya mwanawe wa kwanza, na tangu hapo hulivaa kwenye jaha tu. Watu walisema joho lile peke yake limeozesha mabinti mia mbili. Likiingia ndani ya chumba, nusu ya ombi imekwisha kukubaliwa.

Wakaketi kuzunguka kuta, juu ya magodoro. Abu Laith akakaa kuume kwa Sheikh, chini kabisa ya cheti cha ukocha, kimakusudi au kwa bahati. Upande wa jikoni pana pazia, na chini ya pazia niliziona kandambili za Hajja Wasfiyya, hazitikisiki.

Kazi ya kumimina ilikuwa yangu. Nilipolishika dele, Mutasim akaninyang'anya.

"Niachie," akanong'ona. "Nisiposhika kitu nitaanguka."

Nilitaka kukataa, lakini dele lilikuwa limekwisha kuwa kifuani mwake, na lilikuwa la moto, na hakuonekana kuhisi.

Basi akaenda. Kutoka mlangoni hadi kwa Sheikh ni hatua sita, na alizihesabu kwa midomo. Dele mkono wa kushoto, vifinjani mkono wa kulia, na vifinjani vikigongana, kri kri kri kri, mfululizo, kama meno. Chumba kizima kikavisikiliza. Thiyab kinyozi, aliyekuja kwa kuwa haiwezekani jambo litokee bila Thiyab, akainama kuficha uso wake kwa kilemba.

Akafika. Akainama. Akamimina.

Kwetu kahawa ya mgeni humiminwa kidogo, kiasi cha kufunika kitako cha kifinjani. Ukikijaza, umemwambia mgeni: kunywa uondoke. Mutasim alilijua hilo tangu hajaota meno. Lakini mkono uliomimina haukuwa tena wake. Ulitetemeka, na dele likatetemeka, na kahawa ikashuka kwa mikupuo. Ikafunika kitako, ikapita nusu, ikafika ukingoni. Alikuwa amefumba macho. Wallahi nilimwona: amefumba macho, kama kwenye kona.

Sheikh Mifleh alikuwa amekwisha kukipokea kifinjani, tayari kukitua chini. Kahawa ikavimba juu ya ukingo, ikammwagikia vidoleni, ya moto kweli kweli, na mstari mweusi ukaanza kuteremka kuelekea kwenye mkono wa joho, kwenye zile nyuzi za dhahabu. Na mzee huyo, aliyekaa mbele ya kahawa elfu bila kuzigusa, akafanya anachofanya binadamu yeyote mwenye nguo nzuri na kikombe kilichojaa. Akakileta mdomoni haraka, akafyonza.

Fyuuuu.

Tone moja la kahawa lilikuwa limefika kwenye joho hata hivyo, na likawa linatanuka polepole, kubwa kama sarafu ya dinari, na watu ishirini wakilitazama.

Abu Laith ndiye aliyeanza.

"Sheikh," akasema taratibu, "umekunywa."

Sheikh Mifleh akakitazama kifinjani. "Nimekunywa."

"Lakini bado hatujasema shida yetu."

"Abu Laith, mimi si kipofu wala si mtoto. Nimesema nimekunywa."

Sasa ndipo hofu iliponishika na mimi, kwa sababu nililiona shimo alilokuwa hajaliona Mutasim. Jaha ikinywa kabla ya kuomba, ombi limekufa. Lakini mwenye nyumba mkarimu, akimwona mzee ameteleza, humwokoa: husema mwenyewe, bila kuombwa, "Ulilolijia umelipata," na mzee anatoka na heshima yake. Ndivyo afanyavyo mwungwana. Ndivyo macho ya wote ishirini yalivyokuwa yakimwambia Mutasim afanye. Na Mutasim ndiye mtu aliyenipa funguo za gari juu ya tofali.

Alifumbua macho. Akawaona wanamtazama. Jasho lilimtoka puani, likadondoka kwenye dele, tsss. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Sheikh," akasema, "ulilo..."

Kandambili moja nyuma ya pazia ikasogea. Haikupiga kelele. Ilisogea tu, kama kidole.

Mutasim akafunga mdomo. Akalimeza lile neno zima zima kama kidonge. Alikuwa mweupe kama jibini. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeruka kutoka ghorofani:

"Nikuongeze, Sheikh?"

Mtu akavuta pumzi. Thiyab akasema "Yaa Latif" chini chini.

Kwetu aliyetosheka hukitikisa kifinjani, mara mbili tatu, kulia na kushoto, ndipo mmiminaji huondoka. Asiyetosheka hukinyoosha bila kukitikisa. Sheikh Mifleh alilitazama doa kwenye joho lake. Akamtazama Abu Laith, ambaye shingo yake ilikuwa imepanda rangi kama nyanya. Alikuwa na njia mbili: akiri mbele ya watu ishirini kwamba baada ya miaka arobaini ameteleza kama kijana wa jana, au asiwe ameteleza. Nami namjua Sheikh Mifleh. Hakuwahi kukosea tangu enzi za babu yangu, na hakuwa na nia ya kuanza siku ile.

Akakinyoosha kifinjani. Mkono haukutikisika.

"Mimina, mwanangu. Kidogo safari hii."

Mutasim akamimina. Kidogo.

"Nimekunywa kabla ya kuomba," akasema Sheikh, akiwatazama wote kwa zamu, "kwa sababu hatukuja kuomba. Nani kasema tumekuja kuomba? Tumekuja kumpongeza kijana huyu. Timu haikushuka daraja. Mnadhani ni jambo dogo? Vijana wanne wa mji huu wamepata jezi mkononi mwake. Mungu ambariki msimu ujao."

"Sheikh!" Abu Laith akaruka.

"Kunywa kahawa yako, Abu Laith."

Na Abu Laith, mtu mwenye mabucha manne na suti ya meya, akanywa kama anayekunywa dawa ya minyoo. Wengine wakafuata. Mutasim alizunguka chumba kizima na dele, na vifinjani viliendelea kugongana, kri kri kri, hadi kwa mgeni wa mwisho. Thiyab alipopokea chake alimnong'oneza, "Nitakunyoa bure, Kepteni. Nataka nikushike hicho kidevu nione kimetengenezwa na nini."

Wakati wa kuaga, Sheikh Mifleh alimshika Mutasim mkono mlangoni na kumvutia karibu, kama anayemwombea dua. Mimi nilikuwa nyuma yao nimebeba viatu vya wageni, nikasikia.

"Joho hili limeozesha mabinti mia mbili na tatu," alisema mzee, bado akitabasamu kwa ajili ya watu. "Sitalifua. Nitalivaa na doa lake kila mechi, na nitakaa mstari wa mbele. Mji mzima sasa unasema mimi ndiye niliyekupa msimu. Ukifungwa, nimefungwa. Umenielewa, mwanangu?"

"Ndiyo, Sheikh."

"Nikilazimika kurudi hapa, nitakuja nimeshashiba kahawa nyumbani kwangu. Na mmiminaji atakuwa huyu mpumbavu mwenye viatu."

Magari saba yakaondoka kwa mpangilio wa cheo. Hajja Wasfiyya akatoka nyuma ya pazia, akakusanya vifinjani bila kusema kitu, kisha akapanda kiti na kukihamisha cheti juu ya picha ya marehemu mumewe. Mutasim hakuona. Alikuwa amekaa sakafuni, dele limekwisha kupoa mapajani, akihesabu kwa vidole.

"Unahesabu nini?" nikamuuliza.

"Mechi. Ishirini na mbili." Akanitazama kwa macho ya mtu aliyeokolewa mtoni akapandishwa mlimani. "Zote atakuja?"

"Zote."

Mechi ya kwanza ilichezwa mwishoni mwa Agosti, kwetu, jua linapasua mawe, na katikati ya mstari wa mbele kulikuwa na mzee mmoja ndani ya joho la manyoya ya ngamia, doa jeusi mkononi, hana hata tone la jasho. Dakika ya sabini tulikuwa tunaongoza bao moja. Nilimwona Mutasim akigeuka kwenye benchi, kidole chake kikienda kwa beki, kama siku zote. Kisha akatazama jukwaani, na kidole kikahamia kwa mshambuliaji, Rakan, miaka kumi na minane, ambaye hakuna aliyewahi kumfundisha kuogopa.

"Ingia," akasema. "Ingia kabla sijabadili mawazo."

Halafu akafumba macho.